Waliofutwa kwa Rula

Mpaka leo nikimwona mtu anatafuna muhindi wa kuchoma huku anaandika, mate hunijaa mdomoni, na si ya hamu. Ni ya kinyaa. Nitaeleza polepole kwa nini, maana jambo lenyewe ni dogo, na hupita haraka mbele ya macho usipoonyeshwa mahali pa kutazama.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipofika Sumbawanga, mashirika ya umma yakiuzwa moja baada ya jingine. Ghala la nafaka alilofanyia kazi dada yangu mkubwa, kule Majengo, lilikuwa limepata mmiliki mpya, naye alitaka watu wachache. Dada alikuwa mpimaji. Magunia ya mahindi na ulezi kutoka Mwimbi na kwingineko yalipita kwenye mizani yake kutwa nzima. Masika yaliyotangulia, yeye na wenzake kadhaa waliugua homa. Homa iliisha, nguvu hazikurudi. Dada akipumzika siku mbili tatu, ungeapa ni mzima. Akifanya kazi ya nguvu leo, kesho yake alilala kama aliyepigwa, hata kikombe cha uji hakiinui.

Mwenye ghala akasema huo ni uvivu. Akamwita daktari kutoka mbali aje apime. Atakayeonekana mgonjwa angepewa kazi nyepesi, mvivu angeondoka.

Mimi nilikuwa mganga msaidizi kwenye zahanati ya jirani, nikaazimwa kuhesabu mapigo ya moyo na kuandika daftari. Nilifurahi. Nilidhani nikiwepo mimi, dada atatendewa haki.

Kipimo kilikuwa benchi la mbao. Mtu anapanda na kushuka, daktari anagonga meza kumpa mwendo, mpaka achoke au asimamishwe. Wagonjwa na wazima wote, leo, na tena kesho. Hizo siku mbili zilinifanya nimheshimu yule daktari. Fikiria betri kuukuu za redio. Ukizianika juani, redio inaimba kwa sauti kubwa, na mpita njia atasema betri ni mpya. Kesho yake washa tena, ndipo utajua. Mwili wa dada ulikuwa hivyo, na kipimo cha siku moja kingesikia wimbo tu.

Siku ya kwanza dada alikuja amefunga kanga kiunoni.

"Mama Mizani!" mpakizi mmoja akapaza sauti. "Leo gunia ni wewe!"

"Gunia gani limekonda hivi? Ongezeni debe!" akadakia mwingine.

"Chekeni tu, nitawapunja," dada alijibu, akapanda benchi.

Alikuwa amepumzika siku tatu kwa ajili ya siku ile. Alipanda na kushuka, jasho likimtoka katika baridi yetu ya kipupwe, na mimi, kwa tabia yangu ya kumtia kila mtu moyo, nikawa namwambia, "Jikaze, dada, bado kidogo." Akajikaza. Daktari akacheka. "Huyu ndiye mgonjwa? Huyu apelekwe kwenye mbio!"

Siku ya pili hakuja. Wenzake wa homa ile pia hawakuja, isipokuwa mmoja aliyekuwa amepona. Wazima wote walifika. Mbele ya jina la dada niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri, "Hakuja."

Mchana daktari aliketi kuandika matokeo. Mkono wa kushoto alishika muhindi, wa kulia alishika rula. Kila jina lisilokuwa na kipimo cha siku ya pili alilipigia mstari. Punje iliyolowa mate ikadondoka juu ya jina la dada. Akaisukuma kwa ncha ya rula, ikaacha alama ya unyevu, akapiga mstari juu yake. Kisha akalinganisha waliobaki.

"Siku ya kwanza na ya pili, sawasawa," alisema. "Hakuna ugonjwa hapa."

"Na wale ambao hawakuja, daktari?"

"Asiyekuja hana kipimo, kijana. Nitahesabu hewa?"

"Lakini pengine hawakuja kwa sababu ya—"

"Weka sahihi hapa."

Nikaweka. Hilo ndilo linalonichefua kuliko muhindi. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Ufipa. Nimekua nikiwaona akina mama wakifukia majani kwenye ntumba, yale matuta yetu ya mviringo, wakisaidiana shamba kwa shamba. Siku ya kwanza hakuna aliyesifiwa. Kila mtu ana nguvu siku ya kwanza. Asubuhi ya pili ndipo mama yangu alipotazama nani hayupo. Mstari wa matuta wa asiyekuja haukuguswa. Jembe lake liliachwa limesimama kwenye tuta, na mtu alitumwa kwake na uji kabla kazi haijaanza. Kwa mama, asiyekuja ndiye aliyekuwa habari ya siku hiyo. Nilijua yote hayo, na bado nilisaini.

Jioni nilimkuta dada amelala, kitambaa machoni kwa sababu mwanga ulimuumiza. Mama alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko.

"Umekwenda kumwambia huyo daktari kwamba dada yako yuko hivi?" mama aliniuliza.

Alfajiri nilikimbia ghalani niongeze mstari mmoja wa maelezo kwenye daftari. Daktari alikuwa ameshaondoka nalo na basi la Mbeya, na orodha ilikuwa imebandikwa mlangoni. Dada alikuwa miongoni mwa walioachishwa kazi. Mbele ya jina lake paliandikwa "mtoro".

Nilirudi nikamweleza. Nilimweleza pia habari ya rula na sahihi yangu. Hakukiondoa kitambaa machoni.

"Miaka yote nimepima magunia," alisema taratibu. "Hata siku moja sijaandika kwamba gunia lililobaki nje ya geti halina uzito."

Mama aliniwekea bakuli mkononi bila kunitazama, nami nikaendelea kumnywesha dada uji, kijiko kwa kijiko.