Kesi ya Paji la Uso la Naelijwa

Koleta ana cherehani yake barazani, karibu na stendi ya Same. Ukimpa kitambaa asubuhi, jioni unavaa. Ila ukimwambia mkono wa kushoto umepwaya, jiandae. Atakupima upya mbele ya watu, atamwita mpita njia awe shahidi, na mwisho utaondoka wewe ndiye umeomba msamaha. Ndivyo walivyo kwao Chome, kule milimani Upareni. Mpare na kesi, we acha tu.

Kwa miaka kumi na minne ya ndoa, kitu kimoja tu kilimshinda kukibishia: tumbo lake. Mume wake Asheri, seremala mwenyeji wa Suji na mwimba besi kwenye kwaya, hakuwahi kumsema hata siku moja. Watu walimsema kwa niaba yake. Koleta akanywa mizizi, akaombewa, akalalia kushoto, akalalia kulia. Hamna. Ana miaka arobaini na mbili ndipo daktari mmoja wa Dar akamwambia bila kuzunguka.

"Mama, mayai yako yamekwisha. Ila kizazi ni kizima kabisa. Kuna wanawake wanachangia mayai. Tunachukua la mmoja wao, tunalikutanisha na mbegu ya baba kule maabara, halafu tunakupandikizia wewe. Mimba unabeba wewe, unazaa wewe. Mwenye yai humjui, na yeye hakujui."

Koleta alinyamaza mpaka Asheri akaogopa, maana hakuwa amemwona mkewe amenyamaza hivyo tangu wafahamiane. Halafu akasema, "Leteni hiyo karatasi nisaini."

Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya kuandika sifa unazopenda kwa mchangiaji. Asheri akashika kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: ASIWE MBISHI.

Nesi alicheka mpaka akatafuta kiti. "Baba, si nyie Wapare? Mtoto asiyebishana mtamtambuaje?"

Asheri akafikiria, akaongeza: SANA.

Basi sindano zikaanza, na safari za basi, na kukaa roho juu. Mara ya kwanza haikushika. Mara ya pili ikashika, na miezi tisa baadaye akatoka Naelijwa, binti mnene mwenye paji la uso kubwa, la mviringo, linalong'aa kama limepigwa msasa na baba yake.

Bado wako wodini, Koleta akamvuta mumewe shati. "Hili ni lako na langu. Kwenu wakijua, kwetu wakijua, mimi basi tena. Nitakuwa yaya. Watasema namlelea Asheri mtoto wa mwanamke mwingine."

"Sisemi," akasema Asheri, na palepale kwikwi ikamshika. Huyo ndiye Asheri. Akificha jambo, kwikwi.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu wakampandisha Suji kubatizwa. Sasa, kule mtoto mchanga haangaliwi tu, anakaguliwa. Wazee wa pande zote mbili wanakaa, wanamgeuza kama wanachagua parachichi. Pua ya huku, masikio ya kule, wanatupiana maneno kidogo, wanakula makande, wanaagana. Ila siku hiyo walipofika kwenye paji la uso, wakakwama.

"Hili ni la marehemu kaka yangu," akasema Blandina, shangazi yake Koleta, mama wa miaka sabini na kitu aliyetoka Chome alfajiri. "Baba yake Koleta. Mvua ikinyesha, pua yake ilikuwa hailowi."

"Taratibu, mkwe," akajibu Eliakunda, mama yake Asheri. "Paji hilo ni la Suji. Marehemu dada yangu alikuwa nalo, mpaka kilemba kilikuwa kinakosa pa kukaa."

Blandina akafungua mkoba, akafungua khanga iliyokuwa ndani, akatoa picha ya kaka yake yenye fremu. Kumbe alikuja amejiandaa.

Hapo ndipo Melkizedeki, baba mdogo wa Asheri, alipogonga kikombe kwa kijiko. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, kastaafu, na mikono ilikuwa inamwasha. "Baraza limekaa! Mmoja mmoja!"

Koleta alitakiwa afurahi. Hakuna aliyeshuku kitu. Lakini kila shangazi alipoinua ile picha na kuapa kwa jina la kaka yake, Koleta alijiona yeye ndiye anayemwapisha uongo. Akajiambia, nyamaza tu, yatapita.

"Kwi!"

Eliakunda akageuka kama kuku aliyeona mwewe. "Asheri. Umeficha nini?"

"Hamna, ma... kwi... ma."

"Hamna? Mara ya mwisho kwikwi hii, ulivunja mtungi wangu ukamsingizia mbuzi."

"Shahidi asimame," akasema Melkizedeki.

Asheri akasimama. Jasho linamtoka, macho kwa mkewe. Koleta akaona huyu sekunde mbili tu atamwaga yote, tena vibaya.

"Kaa chini, baba Naelijwa. Nasema mwenyewe."

Akasema. Dar, daktari, yai la mwanamke asiyemjua, sindano, yote. 

Melkizedeki akavua miwani. "Mbegu ni ya Asheri?"

"Ndiyo, baba."

"Na yai si lako?"

"Si langu."

"Basi Chome hawana hoja. Paji linabaki Suji. Kesi imekwisha."

Koleta akainamisha kichwa, akangoja lile neno. Yaya.

"Imekwisha kwa nani?" Blandina alikuwa amesimama.

"Mama, si umesikia mwenyewe..." akasema Melkizedeki.

"Nimesikia. Nauliza, huyo mwenye yai yupo hapa?"

"Hayupo."

"Ameleta picha?"

"Hajaleta."

"Mtu hajafika barazani, hana picha, hana shahidi, ndiyo anishinde mimi niliyepanda milima tangu alfajiri? Nakata rufaa!"

"Shangazi," Koleta akasema, "haiwezekani likawa la baba."

"We mtoto nyamaza, wakubwa tunaongea. Alikaa miezi tisa tumboni mwa nani? Tumbo hilo si la Chome? Kaiga humo humo."

"Paji la uso haliigwi!" akasema Eliakunda.

"La kwenu ndiyo halijui kuiga!"

Eliakunda alikuwa ameshashinda, angekaa kimya akala makande yake. Lakini ushindi wa kupewa bure haumshuki Mpare. "Kata hiyo rufaa, nakusubiri! Ila huyu Koleta usimtaje kwa upande wako. Huyu ni mtu wangu."

"Wako tangu lini? Nimemlea mimi!"

"Miaka kumi na minne anakula kwangu, mwanamke amechomwa sindano mwili mzima kunitafutia mjukuu, halafu ni wako?"

Koleta akainua kichwa. Akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Wanamgombania yeye. Kicheko kikamtoka pamoja na machozi, akafuta vyote kwa kiganja kimoja.

Melkizedeki akagonga kikombe tena. "Rufaa imepokelewa! Sasa kwa utaratibu, kinachogombaniwa kinashikiliwa na baraza mpaka..."

"Anashikiliwa na mama yake," akasema Koleta. Ilikuwa sauti ileile ya barazani Same, ya mkono uliopwaya. "Anayebisha aje hapa mbele."

Akamnyanyua Naelijwa kutoka mapajani kwa Eliakunda. Melkizedeki akavaa miwani, akajifanya anaandika.

Blandina akasogea, akaweka kiganja nyuma ya kichwa cha mtoto.

"Mshike shingo vizuri, we naye. Utaniharibia ushahidi."