Kikapu cha Dirishani kwa Bi Raya

Enzi zetu sisi, na wenzangu mliokulia Mji Mkongwe mtanielewa, kikapu cha kutupia mpira hakikufungwa kwenye nguzo. Kiliteremshwa kwa kamba kutoka dirishani. Bibi yetu, Bi Raya, hakuwa mtu wa kushuka ngazi kila muuzaji akipita. Akisikia chini sauti ya muuza mabungo, yale matunda machachu ya manjano, hushusha kikapu chake cha ukili na pesa ndani yake, na mabungo hupanda juu. Harufu ilijaa chumba kizima, na mimi nilikuwa wa kwanza kutia mkono.

Kaka yangu Nassor, ambaye kila mlango wa nyumba yetu ulimgonga kichwa, ndiye aliyekigundulia kikapu kile kazi nyingine. Jioni wakitoka chuoni kusoma Kurani, yeye na wenzake walimwomba bibi akiache kining'inie, wakawa wanatupia mpira wa matambara. Mpira ule haukudunda hata ukiupiga chini kwa hasira, kwa hiyo walijua kupasiana na kulenga tu. Na kulenga kwenyewe kulikuwa kazi, maana upepo wa uchochoroni hauachi kikapu kitulie. Mimi nilikuwa juu, nautoa mpira na kuwarushia. Bibi alikuwa refa. Wakitukanana, kikapu kinapanda na mchezo umekwisha, na hakuna aliyebisha. Vijana wa leo refa akipiga filimbi humzonga kama kawaibia kuku.

Sifa za Nassor zikamfikia mwalimu wa timu ya mji, timu yenye mpira wa kweli na viatu vya raba. Nassor akaambiwa aende akacheze Ijumaa jioni. Akitokea na kucheza vizuri, nafasi ni yake, la sivyo anapewa mwengine. Alirudi mbio kumwonesha bibi kaptura aliyopewa. Ilikuwa fupi, inaishia katikati ya mapaja. Bibi aliiinua kwa vidole viwili, akaitazama, akaikunja.

"Mie sikatazi mpira, nnakataza mapaja," alisema. "Mume wangu hatoki mlango huu yu uchi."

Mume wangu ndivyo alivyomwita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu, lakini siku ile hakuwa akitania. Na bibi akishasema hapana, hata baba alinyamaza. Nassor akakaa barazani amejiinamia. Nilimhurumia mpaka wali ukanishinda, na ulikuwa wali wa nazi kwa pweza.

Ijumaa baada ya sala nikasikia cherehani ya bibi. Alasiri kikapu kikateremka hadi mbele ya pua ya Nassor. Ndani mlikuwa na kaptura ya marekani, kile kitambaa kizito tulichokuwa tukishonea foronya, pana, inapita magoti.

"Vaa, kisha nenda," bibi alisema kutoka dirishani. "Na usinirudie umeshindwa, macho yangu yashachoka kwa kushona."

Baba alinichukua kwenda kutazama. Nassor alipoingia uwanja mzima ulicheka, wakamwita Bwana Foronya. Kicheko kilikatika alipotupia mpira wa kwanza, kwani kikapu kisichoyumba kwake kilikuwa mchezo wa kitoto. Nafasi akaipata. Baada ya miaka akachukuliwa na klabu moja ya Misri, akalipwa mshahara kwa kucheza, jambo ambalo baba hakuliamini mpaka anakufa. Katika kila picha aliyotuletea wenzake wana mapaja wazi, yeye kaptura imempita magoti. Bibi alizibandika ukutani, na mgeni alioneshwa kaptura kwanza, mjukuu baadaye.

Juzi wajukuu zangu walikuwa wanatoka kwenda kucheza, kaptura zimewafika chini ya magoti. Nikawauliza nani kawashonea. Wakacheka, wakasema ni fasheni mpya, wewe bibi huwezi kuijua. Nikawaacha. Wana mpira mzuri na viatu vya bei, na chakula wanaagizia kwenye simu, kinaletwa na mtu wa pikipiki wasiyemjua jina. Nassor hayupo tena, ningempigia tucheke pamoja. Walipofika chini nilifungua dirisha niwatazame wakienda, na mkono wangu wenyewe ukawa unatafuta kamba.