Nakigozi Hanunui Bila Wakili

Jumanne, tarehe 5 Machi 2019, Solome Nakigozi, mshona magauni ya gomesi wa Wakiso, alitia saini mkataba na wakili Barbara Kobusingye. Alikuwa bado hajanunua chochote.

Alichotaka ni kibanja huko Kakiri, yaani haki ya kujenga na kulima juu ya ardhi ya mtu mwingine. Muuzaji, mzee Erisa Kigozi, ni wa ukoo wake, ukoo wa Fungo. Kwa Waganda hilo linamfanya kaka yake, na kaka haletewi wakili. Zinatosha soda, majirani na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji.

Dalali Mutyaba alimcheka palepale uani kwa Kigozi, majirani wakisikia.

"Wakili wa nini, nnyabo? Mnauziana shamba au mnaachana?"

"Naachana na pesa zangu. Nataka shahidi."

Kigozi hakucheka. "Dada, umenivua nguo. Ukoo mmoja, halafu unaniletea mtu wa kunichunguza?"

"Kaka, kibanja changu cha kwanza pia nilinunua kwa ndugu. Muhuri ulikuwepo, soda tulikunywa. Mwenye ardhi alipokuja na tingatinga hakuuliza tulikunywa soda gani."

Hiyo ilikuwa 2011, na mabati ya nyumba yalikuwa bado yanang'aa. Tangu hapo Nakigozi analala chumba cha kupanga nyuma ya cherehani yake. Ana miaka hamsini na minane. Anaweza kujenga mara moja tu tena.

Kobusingye alikwenda kwa mwenye ardhi, mjane anayeishi Mengo, akamtajia jina la Kigozi. Mjane hakulijua. Anayenunua kibanja humpelekea mwenye ardhi kanzu. Ndivyo zawadi hiyo inavyoitwa hata ikitolewa kwa noti, na ndiyo inayomtambulisha. Kigozi hakuwahi kuipeleka.

Nakigozi akarudi Kakiri na sharti moja: kaka apeleke kanzu, mjane amkubali, ndipo wauziane.

"Nimekaa hapa miaka yote hii, nani amenigusa?" Kigozi akafoka. "Kuna mwalimu anakitaka, na hana wakili."

"Muuzie."

"Utakufa mpangaji, dada."

"Nitakufa mpangaji, lakini sivunjiwi tena."

Mutyaba akajaribu kwa upole. "Mama, huyo wakili wako hata si Mganda. Mambo ya kanzu atayajulia wapi?"

"Aliuliza. Wewe ulijua, ukanyamaza."

Wiki hiyohiyo Kigozi alimuuzia mwalimu. Nakigozi alikuwa amemweleza mwalimu habari ya kanzu. Mwalimu alimjibu kwamba Kigozi ni mtu wa kanisani. Majirani walikunywa soda, wakapanda miti mipya ya mpaka.

Kakiri wanasema Nakigozi ana kiburi. Yeye hakanushi. Kobusingye amelipwa ujira wake wote, na hajaachishwa kazi.

Jumamosi hii Nakigozi anakwenda Bulenga kuangalia kibanja kingine. Wakili atapita kwanza kwa mwenye ardhi.