Unga Chini ya Kitunga

Niligundua asubuhi moja nikifagia nyumba. Chini ya kitunga nilichokuwa nimekitundika karibu na mlango kulikuwa na unga mweupe, laini kama wa muhogo, usiozidi kijiko. Nikadhani mke wangu amemwaga kitu, nikaufagia. Kesho yake ulikuwa palepale tena. Nikakishusha kitunga, nikakigonga kwa kiganja, na unga ukanimwagikia miguuni. Kwenye mianzi niliona matundu madogo madogo, kana kwamba mtu amekaa akiitoboa kwa sindano. Vidudu walikuwa ndani, wanakula.

Kitunga hicho nilikuwa nimekifuma pamoja na vingine ishirini na vitatu, kwa mianzi ileile. Hivyo vingine vilikwisha kwenda kwa wateja huko Omate.

Sisi ni wakulima wa vilima vya Nyamitaba, tangu babu na babu. Maharage na muhogo ndivyo vilivyotulea. Tulipokimbia vita na kufika kambini Kashuga, shamba likabaki nyuma, nami nikabaki na kazi moja tu ya mikono, kufuma vitunga vya mianzi vyenye kifuniko, kama baba yangu alivyonifundisha. Kufuma nilijua. Kuuza sikujua kabisa. Sokoni nilikaa nimeinamisha kichwa, na mtu akiuliza bei nilimjibu kama anayenisumbua.

“Uko nafukuza batu na ile sura,” mke wangu aliniambia.

Kisha akaja dada mmoja kutoka Goma kuwafundisha mafundi wa kambi namna ya kutafuta wateja. Tulikusanyika katika ukumbi wa parokia. Akachora ubaoni antonwari, ile tunayomiminia mafuta ya mawese kwenye chupa. Wamama wakacheka. Akasema wanaokuona ni wengi, hao wako juu kwenye mdomo mpana. Wanaosimama na kuuliza ni wachache. Wanaonunua ni wachache zaidi. Halafu akageuka akatuangalia.

“Na benye banarudia? Benye banakuletea bengine? Ule muntu, munamupoteza siku ileile munamuuzishia. Akishaondoka na kitu, munamusahau.”

Maneno hayo yalinichoma, maana yalikuwa yananihusu. Tangu siku hiyo kila aliyenunua kwangu nilimwomba namba ya simu na nikamuuliza atatia nini ndani ya kitunga. Majina yalinichanganya, basi niliwaandika katika simu kwa vitu vyao: Mama wa mikate, Papa wa mbegu, Mama wa samaki. Zikipita wiki mbili hivi nilipiga kuuliza kitunga kinaendeleaje. Mwanzoni walishtuka, wakidhani nina shida. Baadaye walizoea, wakaanza kunieleza: kifuniko kinabana sana, mshikio unakata vidole, ungefanya kikubwa kidogo. Nilirekebisha, na wengi wakarudi.

Mama wa mikate ndiye aliyenifikisha Omate bila mimi kunyanyua mguu. Alimpelekea dada yake kitunga kimoja huko Walikale, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako huyo dada anapikia wachimbaji katika malewa yake, kibanda cha chakula chenye mabenchi mawili. Dada yake alinipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa kubwa, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikipenda. Tukaongea mara tatu, mara nne, juu ya mikate, juu ya unyevu wa msitu, juu ya panya. Siku moja akaniambia majirani zake nao wanataka, jumla vitunga ishirini na vitatu, tena haraka, kabla njia haijaharibika kwa mvua.

Hapo ndipo nilipokosea. Baba alinifundisha kukata mianzi iliyokomaa, wakati wa jua, na kuilaza mtoni siku nyingi ili utamu wake utoke, maana vidudu hufuata utamu huo. Niliogopa kwamba nikimwambia asubiri atanunua kwingine. Nikakata mianzi michanga, nikaianika siku mbili, nikafuma. Vilipendeza sana. Nilivifunga kwenye pikipiki ya dereva anayekwenda huko, na kimoja cha ziada nikakitundika nyumbani.

Baada ya kuona ule unga sikugusa kisu changu siku nzima. Jioni mke wangu akaniuliza ninaumwa wapi. Nikamwonyesha. Akakigeuza kitunga, akapuliza, akakohoa.

“Batasema tulibaibia.”

“Njo kitu niko naogopa.”

“Sasa ubaambie, mbele ya bajionee beye benyewe.”

Nilipanda kilimani, mahali ambapo mtandao hushika, nikamtumia yule mama wa Omate ujumbe wa sauti. Nilieleza kila kitu: mianzi michanga, haraka yangu, vidudu. Nikaomba msamaha. Ujumbe haukufika. Nikatuma wa pili, wa tatu, wa nne. Kupiga nako hakukuwezekana, simu yake haikupatikana. Siku kumi zikapita hivyo. Kila usiku nilikuwa namwona akivunja mkate juu ya unga wa vidudu, majirani wamemzunguka wakimuuliza huyo fundi wake alimtoa wapi. Maana ni yeye aliyesema neno zuri juu yangu, na aibu ingemwangukia yeye kwanza.

“Enda,” mke wangu aliniambia mwishowe. “Utakonda bure hapa.”

Nikapanda pikipiki ya dereva yuleyule, siku mbili za matope, kisha mwendo wa miguu msituni. Nilibeba kisu changu, vipande vya mianzi iliyokauka vizuri, na maneno niliyokuwa nimeyapanga.

Sikuhitaji kuuliza sana. Sauti ile kubwa niliisikia kabla sijaona malewa. Mwenyewe alikuwa mwembamba, mfupi, na mimi nilikuwa nikimwazia mama mnene. Nilipomsalimia tu akaacha mwiko ndani ya sufuria.

“Yesu! Papa wa vitunga! Hata kama ningefunga macho ningekujua. Ikala kwa benchi, utakula kwanza.”

“Mama, nilikuya kusema kitu.”

“Utasema na tumbo ikiwa imejaa.”

Akaniwekea bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nikiwa nakula, macho yangu yalitafuta vitunga. Sikuviona. Moyo ukaniambia amevitupa. Kisha nikainua kichwa. Vilikuwa juu ya moto, vimetundikwa kwenye paa, vyeusi kwa moshi, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Chini ya moshi huo hapakuwa na unga hata chembe.

Kabla sijafungua mdomo, mama akarudi kutoka nje, ameshika simu, anacheka. Pale Omate kuna duka moja linalouza mtandao, na mashine yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Siku hiyo ndiyo ilipona, na simu yake ikaanza kulia mfululizo. Aliweka sauti juu, wachimbaji wote wakiwa mezani, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema: “Mama, unisamehe, ile milonge ya vitunga nilikata ingali mitoto…” Ujumbe ukaisha, ukaingia wa pili. Katika wa tatu nilikuwa karibu kulia. Nilitamani benchi linimeze.

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama naye alicheka, lakini mwishoni alijifuta macho, akakaa mbele yangu.

“Papa, huku musituni kila muti unakuliwa. Kama hautundike kitu kwa moshi, haitabakia. Tuliviweka pale siku ileile vilifika. Weye ulibeba ile neno yote siku ngapi?”

“Siku kumi na mbili.”

“Pole.”

Sijui kama niliwahi kusikia pole iliyonishusha mzigo namna ile. Nikagundua bado nina njaa. Nikaomba sombe tena.

Baada ya hapo tulizunguka kwa majirani, yeye mbele, mimi nyuma na kisu changu. Wengi walikuwa wamevitundika jikoni, ni vizima. Vitatu vilikuwa vimewekwa pembeni, mbali na moto, na hivyo vililiwa kweli. Viwili nilivivua sehemu mbovu nikavifuma upya, na chini nikatia kekele, mtambaa mgumu wa msitu wao, ambao mzee mmoja jirani alinionyesha namna ya kuupasua. Mwenye cha tatu hakutaka. Alisema amekwisha kununua beseni la plastiki na haina maneno. Nilimrudishia bei yake, tukaagana vizuri. Huyo nilimpoteza, na ninakubali.

Nilikaa Omate siku tatu. Siku ya kuondoka mama alinipa mzigo wa kekele na maagizo ya vitunga vingine saba.

“Na usikimbize,” akasema. “Tutangoja.”

Nilimwambia itachukua miezi miwili. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akikunja uso. Alisema sawa, akaingia kuangalia wali wake.

Siku hizi nalaza mianzi mtoni kama baba, na tumejenga kichanja juu ya jiko letu pale Kashuga, kila kitunga kinakaa kwenye moshi kabla ya kuuzwa. Mke wangu analalamika kwamba nyumba imekuwa nyembamba. Wateja wapya wakiuliza kwa nini ni vyeusi nawaeleza, nao wakisikia sababu husimama na kuuliza mengine.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni safari ya kurudi. Mvua ilitupiga mpaka ndani ya shati, pikipiki ilikwama mara sijui ngapi, na mimi nilikuwa naimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbovu. Dereva akageuka.

“Papa, uliokota zahabu kule?”

Nikacheka tu, nikashuka kumsaidia kusukuma.