Wanaojua Viatu vya Wamarekani

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi pale Sakina, nasubiri zamu yangu, na vijana wawili kwenye benchi wakawa wanabishana kuhusu timu moja ya kikapu ya Marekani. Mmoja alisema viongozi wamekosea kumchagua kijana wa futi saba wakati timu haina mfungaji wa mbali. Mwenzake akatanua mikono yake kuonyesha urefu wa mikono ya huyo kijana, akataja hadi saizi ya kiatu chake. "Mpe msimu mmoja ajifunze," akasema, "mwakani anaanza."

Aliyekuwa kwenye kiti ananyolewa ni msichana mrefu. Akasema kwa utulivu, "Mikono anayo, ila kujipanga uwanjani bado hajui."

Wakacheka. "Dada, kikapu umekijulia wapi?"

"Nacheza. Timu yetu iko Sokon One, tunacheza kila Jumapili. Hamjawahi kuja?"

"Kumbe hapa kuna timu ya wanawake?" akauliza wa kwanza, na kabla hajajibiwa akamgeukia mwenzake. "Haya, sasa nani atacheza namba mbili?"

Nilikasirika kweli. Watu wanaojua hadi saizi ya kiatu cha Mmarekani hawakuwa na swali la pili kwa mchezaji aliyekaa mbele yao, anayecheza mjini kwao.

Alipoinuka nikamwomba radhi kwa niaba yao. Akapangusa nywele shingoni, akaniangalia.

"Asante, mzee. Wewe ulishawahi kuja?"

Ninaishi Sokon One, huu mwaka wa tisa.