Jembe la Kulimia Kila Siku

Ipo siku moja nikiikumbuka nacheka peke yangu, halafu kicheko kinakatika, maana siku hiyo nilikaribia kupoteza shamba kwa ujinga wangu mwenyewe. Ni siku niliyotoka mjini Arusha na jembe jipya begani, nikapanda nalo hadi kwetu Moshono, nikipita katikati ya njia ili kila mtu alione.

Mwanangu, ili unielewe, lazima ujue tulikotoka. Nilipoolewa, jembe lilikuwa halichaguliwi. Duka la kijiji likiletewa majembe kumi, mnapanga foleni tangu alfajiri, na zamu yako ikifika unapewa lililopo na unashukuru. Zito, limepinda, limeshika kutu, ndilo lako. Halafu zikaja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa ghafla. Majembe ya kila aina yananing'inia mlangoni, yana rangi, yana karatasi za nembo, na mwenye duka anakwambia, "Karibu dada, chagua." Chagua! Nani alikuwa amenifundisha kuchagua? Nikafanya kama afanyavyo mtu aliyezoea kukosa: nikachukua kubwa kuliko yote. Nilijiona nimempunja mwenye duka, nimepata chuma kingi kwa pesa ileile.

Na haraka nilikuwa nayo. Kulikuwa na kipande cha shamba chini ya mfereji, ambacho baba mkwe alitupatia tulime tulipooana, nacho kilikuwa kimelala miaka mitatu, sangari tupu, yale majani ya mizizi mirefu. Mume wangu alikuwa fundi wa magari kule Sakina, anatoka kabla hakujapambazuka na kurudi amechoka. Mdogo wake, shemeji yangu Elifasi, akaona hapo pana biashara. Watu wa mjini walikuwa wameanza kutafuta viwanja kwetu, naye akaleta mnunuzi. Baba mkwe akatuita wote, akasema, "Mvua za masika zikikuta hapo pana sangari, nitauza. Zikikuta pamelimwa, sitaki kusikia tena habari ya kuuza."

Elifasi akanitazama juu mpaka chini, akacheka. Wee! Kicheko kile kilinikera kuliko tusi. Nikajiapiza kwamba shamba lile haliuzwi nikiwa hai.

Basi nikaingia shambani na jembe langu kubwa. Siku ya kwanza nilijisikia simba. Siku ya pili nikawa nainua mara tatu, napumzika mara moja. Siku ya tatu nainua mara moja, napumzika mara tatu. Siku ya nne bega la kulia liligoma, nikashindwa hata kujifunga kitambaa kichwani. Nilipogeuka kutazama nilicholima, kilikuwa kieneo cha kulaza ng'ombe wawili, na hao ng'ombe wenyewe wawe wadogo. Watu wakiniuliza nasema nimelala vibaya. Ningekubalije kwamba lile jembe nililolitembeza kijiji kizima ndilo linaloniua?

Mama mkwe hakudanganyika. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mgongo wake ulikuwa umepinda, akisalimiana na mtu inabidi amtazame kwa pembeni. Asubuhi ile alishuka polepole mpaka shambani, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaliinua jembe kidogo tu kisha akalirudisha chini.

"Hili umemnunulia nani?"

"La kwangu, mama."

"La kwako? Hili ni jembe la mwanaume anayechimba mashimo ya kahawa siku mbili, halafu anapumzika mpaka mwaka mwingine. Wewe utalima leo, na kesho, na kesho kutwa, na ukitoka hapo kuna maji na kuni. Unauona mgongo wangu? Nilipoletwa hapa nilipewa jembe lililoachwa na baba mkwe wangu, na mwali hakuruhusiwa kusema ni zito. Mimi nilipewa. Wewe umekwenda dukani kwa miguu yako, ukajichagulia mzigo!"

Niliona aibu, mwanangu, na sikufichi, nilikasirika pia. Nikamjibu kwamba mawingu yameshaanza kukaa mlimani na mimi sina siku ya kupoteza.

"Utapoteza siku moja," akasema. "Ukiendelea na hili utapoteza shamba."

Jumamosi tukaenda gulioni Tengeru, mimi na yeye, na jembe likiwa begani tena, safari hii bega la kushoto. Kila niliyempitia ananiuliza, "Mama, umelichoka mara hii?" Nilitamani ardhi ipasuke. Pale gulioni tukampata mtu mmoja mwenye kifua kipana, kazi yake kuchimba misingi ya nyumba, akalinunua kwa bei ya chini kidogo, akaondoka nalo anapiga mluzi. Kumbe jembe halikuwa baya. Lilikuwa la mtu mwingine.

Sasa ndipo mama mkwe akaanza kunifundisha kuchagua. Akachukua jembe la kwanza kwa muuzaji, akanipa. "Lishike mwisho wa mpini kwa mkono mmoja, nyoosha mkono mbele. Sasa nisalimie, na salamu iwe kamili."

Wewe unawajua wazee wetu wa Kimeru, salamu zao si za kukimbiza: unaulizia watu, kisha mifugo, kisha mazao. Nikaanza katikati ya soko, mkono nimeunyoosha mfano wa mwendawazimu: "Shikamoo mama. Habari za nyumbani? Baba ameamkaje? Watoto..." Nilipofika kwa watoto jembe likaanza kucheza hewani, wauza ndizi wakashika mbavu. "Rudisha," akasema mama mkwe. "Ukishindwa kufika hata kwa ng'ombe, hilo si lako."

Jembe la pili lilikuwa jipya, jepesi kama mwiko, na bei yake ilikuwa rahisi kuliko yote sokoni. Nilisalimia nyumba, watoto, ng'ombe, mbuzi, mahindi, mpaka nikaulizia na mgonjwa wa jirani. Nikafurahi, nikaanza kufungua fundo la kanga nitoe hela. Mama mkwe akalilaza kwenye jiwe, akakanyaga pembe yake kwa kisigino. Likajikunja.

"Mama, unaniharibia mali!" muuzaji akapiga kelele.

"Mali gani? Huu ni mfuniko wa sufuria. Mpelekee mkeo afunikie wali."

Soko zima lilicheka, na muuzaji mwenyewe mwishowe akacheka, akalinyoosha kwa nyundo na kulitundika tena, mtu huyo hana haya!

La tatu tulilipata pembezoni, kwa mhunzi mmoja mzee aliyekuwa ananunua majembe yaliyolika. Anakata kingo zilizochakaa, anayapiga moto na kuyanoa upya. Chuma ni kilekile cha zamani, kigumu, lakini bapa limebaki dogo. Mama mkwe alikanyaga pembe, haikutikisika. Mimi nikasalimia mpaka nikawafikia ng'ombe na mbuzi wote, na mkono ukatulia. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya lile langu la kwanza. Mhunzi akataka kuweka mpini mfupi, mama mkwe akakataa katakata. Alinisimamisha wima, akapima mti mwepesi mkavu kutoka ardhini mpaka chini ya kifua changu. Mhunzi akaulainisha kwa kipande cha chupa, huku akinung'unika kwamba amefanya kazi hiyo miaka yote na hajawahi kuona mpini unapimwa kama gauni.

Jumatatu nikaanza upya. Bega bado liliuma, ila maumivu hayakuzidi. Kila asubuhi nilijiwekea kipande ninachokiweza, nikakimaliza, nikarudi jioni jua likipoa. Mama mkwe alikaa nyuma yangu kwenye kigoda, akiokota mizizi ya sangari mmoja mmoja. Elifasi alipita juu ya mfereji mara mbili tatu kutuchungulia. Mara ya mwisho hakucheka. Mawingu yalizidi kushuka, nami nikazidi kulima, nikawa nasema kwa sauti, "Haliuzwi! Haliuzwi!" mpaka mama mkwe akaniambia ninyamaze, nitamaliza pumzi. Kipande cha mwisho nilikimaliza matone ya kwanza yakinidondokea shingoni. Nililia pale pale, mwanangu, mvua ikaniosha.

Kesho yake akaja baba mkwe na Elifasi na yule mnunuzi kavaa viatu vya kung'aa. Mnunuzi akaingia shambani moja kwa moja, kiatu kikazama kwenye udongo uliolimwa. Baba mkwe akamshika mkono.

"Ndugu yangu, rudi nyuma. Umekanyaga shamba la mke wa mwanangu."

Elifasi akageuka kutazama mlima. Mimi niliendelea kufukia maharage yangu, na wala sikuwakaribisha chai.

Basi wewe unayejiandaa kununua vifaa vya bustani yako, nisikilize. Usimtume mtu akununulie jembe, hata awe mume anayekupenda, maana mkono utakaoliinua ni wako. Lishike, linyooshe, lisalimie soko zima ikibidi, na atakayekucheka mwache acheke. Wepesi uwe wa bapa dogo na mti mkavu, usiwe wa bati. Kama hela haitoshi, nenda kwa mhunzi ukatafute chuma cha zamani kilichokatwa vizuri, na uwe na jembe moja zuri badala ya vifaa vitano vya rangi. Mpini upimwe mwilini mwako. Ukinunua beleshi, likanyage kwanza uone kama mguu wako unapata pa kukaa. Na ukigundua umekosea, lirudishe sokoni mchana kweupe, mbele ya waliokuona ukilileta. Aibu hiyo ni ya siku moja.

Mwenyezi Mungu akupe nguvu za kulima na busara ya kuzitunza. Akuletee mvua kwa wakati wake, na ikufikie ukiwa umeshamaliza. Na shamba unalolimwagia jasho lako, asitokee mtu wa kukutoa humo.