Ufa wa Chumbani Kwangu

Nakumbuka mchana mmoja, mjukuu wangu. Ulikuwa mwaka wa pili tu tangu niolewe hapa Ujiji, na baba yako alikuwa mtoto wa miezi mitano. Ardhi ilikuwa ikitikisika tangu Jumapili, mara tatu kwa siku, mara tano, siku nyingine tukaacha hata kuhesabu. Mitetemeko midogo tu: vikombe vinagongana kabatini, mbuzi wanalia, basi.

Mama mkwe wangu, mwanamke wa Simbo asiye na maneno mengi, alihamishia jiko uani siku ileile ya kwanza. Akanionyesha ufa kwenye ukuta wa chumba changu, akasema mtoto asilazwe mle. Nilitii siku mbili tatu. Kufika Ijumaa nilikuwa nimechoshwa na jua na vumbi la uani, nikajiambia mitetemeko tumeshaizoea, huyu naye ni mwoga tu. Nikamlaza mtoto mkekani, karibu na ule ukuta, nikajitwika beseni la nguo nikashuka ziwani.

Sikuwa nimemaliza kusuuza shuka la kwanza ardhi iliponiangusha magoti. Niliacha nguo zielee, nikakimbia. Nilipofika nyumbani bati limeinama, na ukuta wote umelala juu ya mkeka. Nikaanza kufukua matofali kwa mikono, nikimwita mtoto kwa jina.

"Unatafuta nini humo?"

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, mtoto yuko mgongoni kwake, amelala.

"Ulipotoka tu nilimchukua," alisema.

Nilikaa palepale kwenye vumbi, nikacheka huku nalia. Sijapata tena faraja kama ile. Akanipa mtoto nimnyonyeshe kwanza. Karipio lilikuja baadaye, nilipotulia.

"Kama huniamini, niambie usoni tubishane," alisema. "Usinyamaze, halafu ukaenda kufanya yako."

Sasa wiki hii mitetemeko imeanza tena, na jana umenipigia simu kutoka hapo jirani Mwanga unacheka, eti mmeshazoea. Sikutishi, mjukuu wangu. Wanaokutumia ujumbe kwamba kesho ziwa litapanda, wapuuze. Hata wataalamu hawawezi kukutajia siku. Huenda itatulia yenyewe, kama ilivyotulia wakati ule. Lakini leo hii zunguka nyumba yako, uzitazame kuta. Penye ufa pasilale mtu, na kabati zito lisikae karibu na kitanda. Na mkeo akikwambia anaogopa, msikilize kabla hujacheka. Kama mna mawazo tofauti, semeni mpaka mwelewane.

Mungu awalinde, wewe na mkeo na watoto. Awape usingizi mtulivu, na kila asubuhi muamke mkiwa mmetimia.